Je, Wajua? Kutoka Majumbe wa Kaole Hadi Wabunge wa Dodoma

Kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, mikoko inapopakana na minazi, yapo magofu ya Kaole: msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye minara, na kisima cha maji baridi hatua chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Wenyeji husimulia kwamba jina lenyewe lina asili ya Kizaramo: "kalole", yaani nenda ukaone.

Nasi tunakwenda kuona. Kila baada ya miaka mitano watu hukaa barazani na kuulizana mbunge wao amewafanyia nini, ametunga sheria gani, na zile fulana na pilau za kampeni alilipa nani. Majibu huwa mengi kuliko kumbukumbu. Haya hapa machache yaliyoandikwa.

Diwani wa zamani hakuwa wa kata

Kabla ya Wajerumani, miji ya Mrima, yaani pwani ya bara, kama Kaole na Bagamoyo iliongozwa na majumbe na madiwani wa Kishomvi. Cheo hicho hakikupigiwa kura, lakini kilikuwa na gharama zake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, aliyaeleza hayo katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Aliyetaka ujumbe alipaswa kuwapa ada wakubwa waliomtangulia na kuwalisha watu wa mji. Karamu kwanza, kilemba baadaye.

Madiwani nao walikuwa na mtu wao wa kumlipa. Baada ya Pazi Kilama, kiongozi wa Kizaramo, kuwasaidia kuwafukuza Wakamba, Washomvi walimtolea kila mwaka malipo yaliyojulikana kama kanda la Pazi. Aliyekusaidia kukaa kwenye kiti alikuwa na haki ya kukudai ukishakaa. Mchukue Pazi pamoja nawe, maana tutamkumbuka tena mbele.

Aliyeletwa mtumwa akawa liwali

Sheikh Ramiya, aliyeifanya Bagamoyo kuwa kitovu cha tarika ya Kadiria, aliletwa pwani akiwa mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Mwaka 1916 Waingereza walimfanya liwali wa mji uleule. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Mohamed Ramiya, akashika uongozi wa tarika. Miaka ya 1950 sheikh huyo alisimama upande wa TANU, chama kilichodai uhuru. Kwa chama kisichokuwa na redio, neno la sheikh mwenye wafuasi pwani nzima lilikuwa mtaji usioandikwa kwenye daftari la mweka hazina.

Mpiga kura mmoja, kura tatu

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana kwa mara ya kwanza Desemba 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945, nao kwa kuteuliwa. Uchaguzi ulikuja mwaka 1958, na ulikuwa wa ajabu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Kuandikishwa nako hakukuwa kwa kila mtu. Ulihitaji elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa na serikali. Wavuvi na wakulima wengi wa Kaole wangebaki nje ya mstari.

Mwalimu Nyerere aligombea Jimbo la Mashariki, na mpinzani wake alikuwa Patrick Kunambi. Majina yote mawili yamo katika orodha ya watu 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954.

Wafadhili wa kwanza

Nani alilipia siasa za TANU? Wanachama wa kawaida walitoa senti zao, lakini wapo waliotoa zaidi. John Rupia, mfanyabiashara aliyekuwa makamu wa rais wa chama, alitoa fedha. Dossa Aziz alitoa gari lake. Hakukuwa na sheria iliyowataka watangaze walichotoa, na tunawajua kwa sababu tu wenzao walisimulia.

Gari moja, wagombea wawili

Uchaguzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa chama kimoja, lakini si wa mtu mmoja. Katika karibu majimbo yote TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Kampeni binafsi zilikatazwa. Chama ndicho kilichoandaa mikutano, kikawapeleka wagombea wote wawili kwenye jukwaa lilelile, nao wakatakiwa kuhutubia kwa Kiswahili pekee, bila kugusa kabila, dini wala rangi. Tajiri na maskini walifika kwa usafiri mmoja.

Matokeo yalishangaza. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka. Aliyeshika hazina ya nchi hakuweza kununua hata mkutano mmoja wa ziada.

Siwa haipulizwi tena

Rungu linalotangulia mbele ya Spika anapoingia ukumbini Dodoma huitwa Siwa. Neno hilo ni la pwani. Siwa ya asili ni pembe kubwa ya kupulizwa, iliyolia kwenye sherehe za watawala na za koo kubwa. Mashuhuri ni ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ya Lamu, ya shaba. Ya Dodoma haitoi sauti. Huwekwa mezani, na sauti inabaki kuwa ya wabunge.

Miswada mingi haiandikwi na wabunge

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nchini Marekani, mwanasiasa hupimwa kwa miswada aliyoiandika na jina lake kubaki juu yake. Ukimpima mbunge wa Bagamoyo au Chalinze kwa mizani hiyo, utamdhania mvivu bila sababu. Katika Bunge letu, karibu miswada yote huletwa na Serikali. Waziri huiwasilisha, kamati huichambua, wabunge huijadili na kuirekebisha, na mwisho huulizwa: wanaoafiki waseme ndiyo.

Mbunge asiye waziri anayo haki ya kuleta muswada binafsi, na Kanuni za Bunge zimemwekea njia. Lakini Ibara ya 99 ya Katiba imeweka kizingiti: jambo la kuongeza kodi au kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina halishughulikiwi na Bunge mpaka lipendekezwe na Rais, kupitia kwa waziri. Sasa tafuta sheria isiyogusa fedha hata kidogo.

Rais naye hana neno la mwisho peke yake

Rais anaweza kukataa kuusaini muswada, lakini lazima aurudishe na sababu. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote na kumrudishia, Ibara ya 97 inampa Rais siku 21: asaini, au alivunje Bunge.

Hoja binafsi si muswada binafsi

Watu huyachanganya haya mawili. Muswada ukipita huwa sheria. Hoja ikipita huwa azimio, na hata isipopita inaweza kuacha alama.

Agosti 2007, Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alileta hoja binafsi akitaka Bunge lichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London na Waziri wa Nishati na Madini. Hoja haikupita, na mleta hoja akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Kabla mwaka haujaisha, Rais Kikwete aliunda kamati ya kuangalia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, mdogo wake yule Paul Bomani aliyeangushwa mwaka 1965. Zitto akawa mjumbe. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Madini. Ukihesabu miswada ya Zitto, hiyo haimo. Ukifuata mkondo wa mambo, imo.

Januari 2013, James Mbatia, mbunge wa kuteuliwa, alileta hoja kuhusu udhaifu wa elimu na mitaala. Waziri wa Elimu aliyekaa upande wa kujibu alikuwa Dk. Shukuru Kawambwa, mbunge wa Bagamoyo. Hoja ilizimwa. Tarehe 18 Februari, waziri huyohuyo alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri.

Mwezi huohuo wa Februari, John Mnyika, mbunge wa Ubungo, alileta hoja kuhusu shida ya maji Dar es Salaam. Waziri wa Maji akaomba iondolewe, na ukumbi ukachafuka. Sehemu kubwa ya maji yanayofika Dar husafishwa Ruvu Chini, Bagamoyo, kwa hiyo hoja ya mbunge wa mjini ilikuwa inanywa mto wa jirani.

Majirani huandika wenyewe

Kenya ina historia ndefu zaidi ya miswada ya wabunge binafsi. Mwaka 2003 Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou, ndiye aliyekuwa nyuma ya sheria iliyoanzisha mfuko wa maendeleo wa majimbo, CDF. Mwaka 2006 Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, alifanikisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Miaka mitano baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Mwaka 2016 Jude Njomo, mbunge wa Kiambu, alizifunga riba za benki zisizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Sheria yake iliishi miaka mitatu, ikafutwa Novemba 2019.

Uganda, mwaka 2017, muswada wa Raphael Magyezi wa Igara Magharibi uliondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa anayegombea urais. Wabunge walipewa shilingi milioni 29 za Uganda kila mmoja ili wakakusanye maoni ya wananchi, na baadhi walizirudisha. Muswada ulipita kwa kura 317 dhidi ya 97. Kwa hiyo jina la mbunge juu ya muswada halithibitishi kwamba wazo lilianzia jimboni kwake.

Takrima ilikuwa halali

Karamu, ukarimu, mkarimu na takrima ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Mgeni wa pwani haondoki bila kula, na mwenye shughuli asiyepika huzungumzwa mpaka msimu ujao. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuitambua takrima: mgombea aliyewakirimu watu kwa nia njema, kama ulivyo utamaduni wao, hakuhesabiwa kuwa ametoa rushwa.

Tatizo likawa kipimo. Sahani ya pilau inageuka rushwa ikifika ya ngapi? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wawili, LEAT na NOLA, walikwenda Mahakama Kuu. Aprili 2006 majaji watatu walivifuta vifungu hivyo kwa sababu vilikwenda kinyume na Katiba. Mgombea mwenye mfuko mzito alikuwa anapewa nafasi ambayo mwenzake asiye na kitu hakuwa nayo.

Ile desturi aliyoiandika Mtoro, ya kulisha watu kabla ya kuvaa kilemba, ilikuwa imefika mahakamani baada ya miaka 103.

Mwaka mmoja, njia mbili

Januari 2010, katika kesi ya Citizens United, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifungulia kampuni na vyama vya wafanyakazi mlango wa kutumia fedha bila kikomo kwenye uchaguzi, mradi wasizikabidhi kwa mgombea. Machi mwaka huohuo, Rais Kikwete alisaini Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyompa waziri uwezo wa kuweka ukomo wa matumizi, ikawataka wagombea waeleze fedha walizonazo na wanazotarajia, na ikavitaka vyama vipeleke hesabu kwa Msajili wa Vyama vya Siasa baada ya uchaguzi. Sheria hiyo inagusa pia mchujo wa ndani ya vyama, ule wa kura za maoni, ambako katika majimbo mengi ndiko kazi yote inakomalizikia.

Aliyeisaini alikuwa mzoefu wa majukwaa ya eneo hili. Kikwete, mzaliwa wa Msoga, alikuwa mbunge wa Chalinze tangu mwaka 1995 mpaka alipoingia Ikulu mwaka 2005. Aprili 2014 mwanawe, Ridhiwani, akashinda jimbo hilohilo katika uchaguzi mdogo uliofuata kifo cha Said Bwanamdogo.

Sheria iliyosubirishwa

Kenya ilipitisha sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013. Uchaguzi wa 2017 ulipokaribia, wabunge waliisimamisha. Kuelekea ule wa 2022, tume ya uchaguzi ilitangaza viwango vya matumizi, na mwaka 2021 wabunge wakavikataa. Kamba ilikuwepo, lakini aliyetakiwa kufungwa ndiye aliyepewa kuishika.

Shilingi 50,000 na shilingi 5,000,000

Dhamana ya kugombea ubunge Tanzania katika uchaguzi wa 2020 ilikuwa shilingi 50,000, chini ya bei ya mbuzi. Kupinga matokeo kuliwahi kuwa ghali mara mia: sheria ilimtaka mlalamikaji aweke shilingi milioni 5 mahakamani kabla kesi yake haijasikilizwa. Julius Ndyanabo, aliyetaka kupinga matokeo ya mwaka 2000, alikipinga kwanza kifungu chenyewe, na mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilikifuta. Haki, ilisema kwa maana yake, haiwezi kuwa na kiingilio ambacho wengi hawakimudu.

Hata wewe ni mfadhili

Huenda hujawahi kumchangia mgombea yeyote, lakini kodi yako imechangia. Vyama hupata ruzuku ya Serikali, nusu ikigawiwa kwa kuangalia viti na nusu kwa kura. Kwa hiyo kura yako ina kazi mbili: humpeleka mtu Dodoma, kisha huingia kwenye hesabu ya fedha za chama chake. Kanda la Pazi lilitolewa na madiwani wachache, na hili la leo tunalitoa wote.

Mfuko wenye jina la jimbo

Mwaka 2009 Tanzania ilifuata mfano wa Kenya kwa kutunga Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Asasi za kiraia zilipinga tangu mwanzo zikiuliza: mbunge anayetakiwa kuisimamia Serikali ataisimamiaje akiwa naye anagawa bati na saruji? Nchini Kenya swali hilohilo lilifika Mahakama ya Juu, na Agosti 2022 ikaamua kwamba sheria ya mfuko wao ya mwaka 2013 ilivunja Katiba. Kwa hiyo ukiona bango lenye picha ya mbunge kwenye darasa jipya, kumbuka kwamba mfuko ni wa jimbo. Picha tu ndiyo yake.

Kutokuwepo nako kuna adhabu

Mbunge asipohudhuria mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika, anapoteza kiti. Anakipoteza pia akikihama chama kilichompeleka, kwa kuwa Katiba haimtambui mbunge asiye na chama.

Wabunge waliojadili kwa lugha moja na kutunga kwa nyingine

Kwa miongo mingi Bunge lilijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Kaole aliweza kumsikia mbunge wake redioni akiunga mkono hoja mia kwa mia, asiweze kuisoma sheria iliyozaliwa na hoja hiyo. Ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Kalole

Rekodi ya mbunge haiko mbali. Tovuti ya Bunge humwekea kila mmoja ukurasa wake: maswali ya msingi, maswali ya nyongeza, michango. Taarifa Rasmi za Majadiliano, ambazo wengi huziita Hansard, hubeba kila neno lililosemwa ukumbini, na ni za Kiswahili. Tamko la mali la kila mwaka hupelekwa Sekretarieti ya Maadili kabla ya tarehe 31 Desemba. Hesabu za uchaguzi ziko kwa Msajili.

Mtu wa Kaole anayetaka kumjua mbunge wake hana haja ya kuhesabu miswada. Atafute swali moja ambalo mbunge huyo aliuliza kuhusu barabara, samaki au maji ya Bagamoyo, asome jibu la waziri, kisha atoke nje aangalie kama barabara ipo. Waliokipa kijiji jina walikuwa wameshatoa maelekezo.